Kuokoka na Kuzaliwa: Dhambi na Wokovu katika Uamsho wa Gahini na katika Jamaa ya Katanga

1. Utangulizi

Kwa muda wa karibu karne nzima, katika nchi za Maziwa Makuu, swali fupi «Umeokoka?» limegawanya majirani, wanafunzi na walimu wao, hata mume na mkewe. Anayeulizwa huwa mara nyingi amekwisha batizwa. Pengine ni mwana wa katekista au wa mchungaji. Kwa hiyo swali humshangaza. Akijibu «Nimebatizwa», huambiwa kwamba hilo silo aliloulizwa. Akijibu «Sijui, Mungu ndiye ajuaye», huhesabiwa kuwa bado yuko nje. Jibu linalongojwa ni moja tu: «Nimeokoka», nalo hufuatwa na mahali, siku na habari ya dhambi zilizoachwa.

Makala hii inachunguza mapokeo mawili ya Kikristo yaliyotumia Kiswahili, au lugha ndugu zake, kusema juu ya dhambi, wokovu na kuzaliwa upya. La kwanza ni uamsho wa Kiprotestanti ulioanza Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao wafuasi wake huitwa walokole. La pili ni Jamaa, iliyozaliwa katika Kanisa Katoliki huko Katanga katika miaka ya 1950. Mapokeo hayo yalilisoma fungu moja la Injili ya Yohane, mazungumzo ya Yesu na Nikodemo usiku, lakini kila moja lilishika kitenzi chake. Walokole walishika kuokoka. Wanajamaa walishika kuzaa na kuzaliwa. Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Ndani yake mna swali zito: je, mtu anayesema amepatanishwa na Mungu anajibika kwa nani hapa duniani?

2. Maneno na asili yake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa kuyapima maneno. Wamisionari wa kwanza walioandika Kiswahili cha Kikristo, tangu Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 hadi Edward Steere aliyekuwa askofu huko Unguja, hawakukuta lugha tupu. Walikuta lugha ya watu waliokuwa wakisali na kutubu kwa karne nyingi katika Uislamu. Ndiyo maana maneno makuu ya upande wa kosa na msamaha ni ya asili ya Kiarabu: dhambi, toba, neema, rehema. Toba kwa asili yake ni kurudi: mwenye dhambi ameiacha njia, naye anarejea kwa Mola wake.

Lakini maneno ya upande wa wokovu ni ya Kibantu: okoa, okoka, mwokozi, wokovu. Haya hayakuwa maneno ya dini peke yake. Mtu huokoa mali katika moto. Mtoto huokoka katika mto uliofurika. Hivyo Mkristo wa Kiswahili hutenda dhambi kwa neno lililotoka ng'ambo ya bahari, akaokoka kwa neno la nyumbani.

Neno dhambi lilipovuka Ziwa Tanganyika lilibadili sauti. Katika Kiswahili cha Kongo, sauti dh ilikuwa z, tukapata zambi. Hapo lilikaribia mno jina jingine: Nzambi, ambalo katika Kikongo ni jina la Mungu, na ambalo katika Ciluba pia linatumika kwa maana hiyohiyo. Katika miji ya machimbo, ambako watu wa Kasai waliishi pamoja na watu wa Katanga, sauti zilizokaribiana hivyo zilibeba maana zilizo mbali kama mbingu na nchi. Waluba wa Kasai wenyewe, kwa kosa mbele ya Mungu, walikuwa wamepokea neno mpekatu, lenye asili ya Kilatini. Mifano hii inaonyesha kwamba wazo la dhambi, kama lilivyohubiriwa, lilitafutiwa vazi kutoka mbali. Watu walikuwa na maneno yao ya kosa, ya mwiko, ya uchawi na ya deni. Lakini kosa juu ya Mungu mmoja, lililo moyoni kabla ya kuwa mkononi, lilihitaji jina la pekee.

Sarufi nayo ina la kusema. Kitenzi okoa kina umbo la kutendwa, okolewa, na umbo la kutendeka, okoka. Anayesema «nimeokolewa» anangojewa amtaje aliyemwokoa: nimeokolewa na Yesu. Anayesema «nimeokoka» hana nafasi ya kumtaja mtendaji katika sentensi hiyo. Umbo hilo latoa habari ya hali, kama vile mlango umefunguka au kamba imekatika. Tena kiambishi -me- chaonyesha tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yangalipo: amesimama, amelala, ameokoka. Si «niliokoka» la zamani lililopita, wala si «nitaokoka» la siku ya hukumu.

Kitenzi zaa hakiendi njia hiyo. Kuzaliwa ni kutendwa, na kila aliyezaliwa amezaliwa na mtu. Hakuna awezaye kujieleza kuwa amezaliwa pasipo kukubali kwamba ana mzazi. Tofauti hii kati ya vitenzi viwili ndiyo itakayofuatwa katika kurasa hizi.

3. Mabishano ya kale

Mabishano yaliyofika Afrika ya Kati yalikuwa na umri mkubwa. Afrika yenyewe ilihusika nayo tangu mwanzo, kwa kuwa Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, ndiye aliyepigana na mafundisho ya Pelagio. Pelagio alishikilia kwamba mwanadamu aweza kuchagua mema kwa nguvu zake. Augustino alijibu kwamba utashi wenyewe ni mgonjwa na hauponi pasipo neema. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagio na kuthibitisha kwamba hata watoto wachanga hubatizwa kwa ondoleo la dhambi. Kwa mafundisho hayo, kuzaliwa kwa maji na kwa Roho ni ubatizo.

Katika karne ya 16 Martin Luther alifundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani tu, naye hubaki mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la mwaka 1547, ulijibu kwamba neema humgeuza mtu kwa kweli, na kwamba hakuna awezaye kujua kwa hakika ya imani, isiyoweza kukosea, kuwa amekwisha ipata neema hiyo. Mkatoliki aliyelelewa katika fundisho hilo, akisikia jirani yake akitangaza «nimeokoka», husikia majivuno. Sababu iko Trento.

Mkondo wa tatu ulitoka Uingereza. John Wesley alikuwa padri wa Kianglikana kwa miaka kadhaa kabla ya jioni ya tarehe 24 Mei 1738, alipopata huko London uhakika moyoni kwamba dhambi zake zimeondolewa. Kisa hicho kilitoa kielelezo kwa wengi: mtu aweza kuwa amebatizwa, amesoma, hata amewekewa mikono, na bado hajazaliwa upya. Tangu 1875, mikutano ya kila mwaka ya Keswick, kaskazini mwa Uingereza, iliongeza fundisho la maisha ya ushindi juu ya dhambi kwa nguvu ya Roho Mtakatifu. Ni mkondo huu uliofika Rwanda.

4. Gahini

Misioni ya Ruanda ilianzishwa na waganga wawili Waingereza, Algernon Stanley Smith na Leonard Sharp, ndani ya shirika la Kianglikana la CMS. Walianza kazi Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1921. Huko Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, walijenga hospitali. Mganga Joe Church, aliyesoma Cambridge, alifika hapo mwaka 1928, wakati wa njaa kali. Baada ya mwaka mmoja wa kuuguza wenye njaa alikuwa amechoka mwilini na rohoni. Mwezi wa Septemba 1929 alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye mali na elimu. Wawili hao walikaa pamoja, wakachunguza Maandiko juu ya Roho Mtakatifu na kuomba.

Mkutano huo una maana kuliko siku zake chache. Mzungu hakuja kama mwalimu wala Mwafrika hakuja kama mwanafunzi. Wote wawili walikiri upungufu wao. Katika utawala wa kikoloni, ambamo kila mtu alijua mahali pake pa kuketi na pa kusimama, hilo lilikuwa jambo geni. Uamsho uliofuata ulijengwa juu ya usawa huo: chini ya msalaba kila mtu ni mkosaji, na mkosaji hawezi kumdharau mkosaji mwenzake.

Baadaye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha. Yosiya Kinuka, mkubwa wa wauguzi wa hospitali, ambaye mwanzoni alipingana na mahubiri hayo, aliongoka naye. Mwishoni mwa 1933, katika mkutano wa Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama hadharani. Mwaka 1935 moto huo ulifika Kabale, na mwaka 1936 ulienea kwa nguvu. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, baada ya kuliita Kanisa lake liamke kutoka katika usingizi.

Waliopokea mahubiri hayo waliitwa kwa Luganda abalokole, yaani waliookoka, jina ambalo mwanzoni lilitumiwa na wengine kwa dhihaka. Mwanafunzi wa isimu hatakosa kuona kwamba kulokoka ya Luganda ni kuokoka ya Kiswahili. Sauti l iliyobaki katika Luganda imepotea katika Kiswahili sanifu kati ya irabu mbili, kama ilivyopotea katika zaa ikilinganishwa na kuzaala ya Luganda au kuzala ya Lubumbashi. Hurudi katika umbo la kutendwa: okolewa, zaliwa. Kiswahili kikalipokea jina hilo tena katika umbo la Kiganda: mlokole, walokole.

Hata hivyo haifai kudai kwamba sarufi ndiyo iliyozaa fundisho. Wanyarwanda wenyewe, wenye uamsho huo, husema gukizwa, ambalo ni umbo la kutendwa, nalo lina maana ya kuponywa pia. Lugha haikuunda imani ya walokole. Iliwapa umbo la kuitangaza, na kila umbo lilivutia upande wake.

5. Nuru na kashfa

Mlokole hakuungama dhambi kwa jumla. Alizitaja. Aliyeiba dawa hospitalini alizirudisha. Aliyechukua ng'ombe kwa hila alimpeleka kwa mwenyewe. Aliyemchukia mwenzake alikwenda kumwambia na kumwomba radhi. Katika mikutano ya ushirika, ndugu walitembea nuruni, kama walivyosema wakifuata Waraka wa Kwanza wa Yohane: walifunua mioyo yao na kuonyana. Wimbo wa sifa kwa Luganda, Tukutendereza Yesu, ukawa alama yao ya kutambuana kutoka Rwanda hadi Kenya na Tanganyika.

Hapa sarufi na matendo hukutana. Umbo okoka halimtaji mwokozi. Lakini ushuhuda ulimtaja kwa kirefu. Aliyesema «nimeokoka» alidaiwa na ndugu zake aeleze ni damu ya nani iliyomsafisha, na kutoka katika nini. Neno lilipotengwa na ushuhuda, lilibaki cheo. Mashtaka mengi waliyopata walokole baadaye, kwamba ni watu wa kujihesabia haki, yanatokana na hali hiyo ya pili.

Mgogoro mkubwa wa kwanza ulitokea Mukono, Uganda, katika chuo cha mafunzo ya wachungaji. Mwezi wa Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, miongoni mwao William Nagenda. Walikuwa wakiamka usiku kabla ya mapambazuko ili kuomba na kuhubiri, wakishutumu hadharani wizi, uasherati na mafundisho waliyoyaona kuwa yanaipunguza nguvu ya msalaba. Wakubwa wa chuo waliona uasi; wanafunzi waliona kwamba kunyamaza ni kushiriki dhambi. Pande zote mbili zilikuwa na sababu. Chuo hakiwezi kuendelea iwapo kila mwanafunzi ni hakimu wa mwalimu wake. Lakini Kanisa ambamo wote wamebatizwa na hakuna anayebadilika lilikuwa limewapa vijana hao sababu ya kuuliza.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba walokole wengi hawakujitenga. Walibaki katika makanisa yao, wakayabadilisha kutoka ndani, hata baadhi yao wakawa maaskofu. Kwa Walutheri wa Bukoba, Josiah Kibira, mtu wa uamsho, alikuwa askofu, kisha rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Upande wa Kongo, Kanisa la Kianglikana lilikuwa limepandwa Mboga na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika huko mwaka 1896 na kufariki 1933. Mahubiri ya walokole yalifuata njia hiyohiyo iliyofunguliwa na Waganda.

6. Jamaa

Wakatoliki wa Katanga walilikuta swali la kuzaliwa upya kwa njia nyingine. Mapadri Weupe walikuwa wamepokea vituo vya Karema na Mpala, pande mbili za Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za katekisimu katika eneo hilo. Mkatoliki alifunzwa kwamba amezaliwa mara moja katika maji ya ubatizo, na kwamba akianguka anayo kitubio mbele ya padri. Dhambi ilisemwa sikioni, haikutangazwa uwanjani.

Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa Elisabethville mwaka 1945, na mabishano yake hayajaisha hata leo. Kisichojulikana sana na wanafunzi wa falsafa ni kazi aliyoifanya baadaye. Karibu na 1953, huko Ruwe, jirani na Kolwezi, alianza kukutana na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao. Hakuwauliza kwanza wanajua nini katika katekisimu; aliwauliza wanatamani nini. Kutokana na mazungumzo hayo, yaliyofanyika kwa Kiswahili cha Katanga, yalitolewa maneno matatu yaliyokuwa msingi wa mafundisho yote: uzima, uzazi, mapendo.

Watu hao walijiita Jamaa, na jina lenyewe lilikuwa fundisho. Katika kambi za machimbo, kampuni ilihesabu wafanyakazi kwa namba na kuwapangia nyumba. Mjomba, babu na ukoo walikuwa mbali vijijini. Jamaa iliwapa ukoo. Mume na mke waliingia pamoja. Mtu peke yake hakuwa mwanajamaa kamili. Waliotangulia waliwazaa wale waliofuata kwa njia ya kukutana na kufundishana hatua kwa hatua, nao wakaitwa baba na mama. Hata padri alizaliwa hivyo, akawa mtoto wa mfanyakazi wa machimbo na mkewe. Tempels mwenyewe alisimulia kwamba alijikuta mtu kwa kukutana na watu hao.

Katika mafundisho haya dhambi ina sura nyingine. Si kwanza orodha ya matendo, bali ni kukataa kukutana, kubaki mmoja pale palipopasa kuwa wawili. Wokovu nao si siku iliyoandikwa katika daftari, bali ni kuzaliwa na kuzaa ndani ya mapendo. Mlokole huulizwa lini. Mwanajamaa huulizwa na nani.

Kama ilivyokuwa Mukono, wakubwa walishtuka. Iwapo mlei humzaa padri kiroho, mamlaka ya padri yatoka wapi? Iwapo mapendo ni njia ya kuingia katika siri ya Mungu, nani atalinda mipaka kati ya mume wa mtu na mke wa mwingine? Kulikuwa na vikundi vilivyopotoka kweli, na kulikuwa na shutuma za uzushi zilizowapata hata waaminifu. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi. Alifariki kwao mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga walichukua hatua kali dhidi ya Jamaa, na wengi walilazimika kuchagua kati ya ukoo wao wa kiroho na sakramenti. Johannes Fabian, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1971, alionyesha kwamba haiwezekani kuwaelewa pasipo kukisikiliza Kiswahili chao. Hilo lapasa kuwahimiza wanaofundisha lugha hii katika vyuo vyetu.

7. Jaribio la damu

Mafundisho juu ya dhambi hupimwa siku ile dhambi inapoamriwa na wenye nguvu. Walokole walipimwa mara nyingi, na historia yao ina pande mbili.

Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, watu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kwa kuwa, walivyosema, walikuwa wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Hivyo walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Wapo waliowaona kuwa wasaliti wa taifa. Lakini msaliti hapati kawaida ya kukataa silaha za mkoloni.

Nchini Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi alihudumu Nyamata kati ya Watutsi waliofukuzwa makwao. Aliuawa Januari 1964 kwa sababu ya kuwasaidia. Nchini Uganda, Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya kuulaumu utawala wa Idi Amin kwa mauaji yake. Kwa watu hawa, «nimeokoka» halikuwa neno la kujifungia chumbani.

Lakini kuna mwaka 1994. Kati ya Aprili na Julai, katika Rwanda hiyohiyo ya Gahini, katika nchi ambamo sehemu kubwa ya wakaaji walikuwa wamebatizwa, mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Watu walikimbilia makanisani, na makanisa yakawa machinjio. Kanisa Katoliki la Nyamata, mji uleule wa Kanamuzeyi, leo ni mahali pa ukumbusho. Walikuwako waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha maisha, walokole na Wakatoliki pia. Walikuwako vilevile viongozi wa makanisa mbalimbali walionyamaza au kushirikiana na wauaji.

Tangu siku hizo swali limekuwa wazi. Dhambi zilizotajwa mikutanoni zilikuwa nyingi na za kweli: wizi, pombe, uasherati, uchawi, chuki ya mtu kwa mtu. Lakini kitambulisho kilichoandikwa kabila la mwenyewe, nafasi ya shule iliyonyimwa kwa sababu ya kabila, hotuba ya redio iliyowaita watu wadudu: nani aliungama hayo? Dhambi hizo hazikuwa na mwenyewe mmoja wa kusimama na kulia. Zilikuwa za wote, kwa hiyo zilionekana kama si za mtu. Umbo okoka, lisilomtaja mtendaji, laweza pia kumsahau aliyetendwa. Mtu ameokoka, jirani yake je?

Haina maana kwamba Jamaa ilikuwa na jibu zima. Ukoo wa kiroho waweza kuwa mlango uliofungwa kama ukoo wa damu, anayeuliza «umezaliwa na nani?» aweza kumtupa nje asiye na baba wala mama kati yao. Tena walokole wa kwanza walikuwa wameona hatari hiyo mapema, ndiyo maana walisisitiza kwamba ndugu katika Kristo ni karibu kuliko ndugu wa tumbo. Kanamuzeyi aliishi hivyo hadi kufa. Fundisho lilikuwapo, ila halikushikwa na wote.

8. Hitimisho

Katika Injili ya Yohane, neno la Kigiriki ambalo Yesu anamwambia Nikodemo lina maana mbili: upya na kutoka juu. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 ilichagua mara ya pili, na kwa chaguo hilo ilikubaliana na kosa la Nikodemo mwenyewe, aliyedhani anaambiwa habari ya kurudi tumboni. Anayesoma mara ya pili huhesabu: kuna siku ya kwanza na siku ya pili, naye aweza kuitaja tarehe. Anayesoma kutoka juu huuliza juu ya mzazi. Walokole walihesabu siku. Wanajamaa walitafuta wazazi. Maandiko yanabeba yote mawili, na kila upande uliposhika lake peke yake ulipungukiwa.

Siku hizi, katika Lubumbashi, Bukavu na Goma, makanisa ya uamsho yaliyoongezeka sana tangu miaka ya 1990 yanatangaza wokovu kwa vipaza sauti, na mara nyingi pamoja na afya, kazi na viza. Vijana wengi wa vyuo wamo. Hawapaswi kuchekwa: nao wanatafuta kutoka katika hali isiyovumilika, na okoka ni neno la mtu aliyetoka katika hatari. Lakini wakiwasikiliza wazee wa Gahini watasikia kwamba aliyeokoka alirudisha ng'ombe asiye wake. Wakiwasikiliza wazee wa Kolwezi watasikia kwamba aliyezaliwa ana watu wa kuwajibu.

Wazee hao wanapungua kila mwaka. Mafundisho ya Jamaa yalisemwa kwa mdomo zaidi kuliko yalivyoandikwa. Shuhuda za walokole vilevile. Katekisimu za zamani za Kirungu na Mpala zinaliwa na mchwa. Kazi ya idara za Kiswahili katika nchi hii ingekuwa kuyakusanya maneno hayo yangali midomoni mwa wenyewe, na kuyaandika jinsi yalivyosemwa: zambi kwa z, kuzala kwa l, pamoja na jina la kila mtu aliyemzaa mwenzake.